Tangawizi na Manjano Mbele ya Seli za Kinga (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza makrofeji, seli ya kinga inayomeza vijidudu na kupiga mbiu ya hatari. Mbiu hiyo ikikoma kwa wakati, kidonda hupona. Isipokoma, uvimbe huwa ugonjwa. Leo twende Westmead, magharibi mwa Sydney. Xian Zhou, Gerald Münch na wenzao wa taasisi ya NICM, Chuo Kikuu cha Western Sydney, walichapisha mwaka 2022 utafiti juu ya tangawizi na manjano zikitumika pamoja.

Walitumia makrofeji za panya zilizokuzwa maabara, zikachokozwa kwa lipopolisakaridi, sumu ya ukuta wa bakteria, pamoja na intaferoni gama. Seli zilizochokozwa hivyo humwaga nitriki oksidi, TNF na IL-6, kemikali zinazochochea uvimbe. Mchanganyiko wa tangawizi sehemu 5 kwa manjano sehemu 2 ulizipunguza, tena ukaiamsha Nrf2, protini inayoongoza jeni za seli kujilinda.

Lakini je, tangawizi na manjano zilisaidiana kweli? Swali hili nalithamini kuliko matokeo yenyewe, maana tumezoea kuchanganya dawa za miti na kuridhika mgonjwa akipata nafuu. Dawa mbili zikifanya kazi pamoja huenda zimejumlishana tu. Ndiyo maana kuna hesabu ya wanasayansi Chou na Talalay, ya mwaka 1984: jibu likiwa 1, zimejumlishana, likizidi, zimepingana, likipungua, zimetiana nguvu. Kwa tangawizi na manjano, jibu lilishuka chini ya 1.

Hayo ni ya maabara, ambako dondoo hufika kwenye seli moja kwa moja. Tumboni mambo ni mengine. Kurkumini, kiini cha manjano, hupenya kwa shida kuingia damuni. Watafiti wa Bangalore, India, walionyesha mwaka 1998 kwamba piperini ya pilipili manga huongeza upenyaji huo kwa watu kwa asilimia 2,000.

Ongezeko hilo si la kushangilia tu. Agosti 2023 mamlaka ya dawa ya Australia ilitoa onyo kuhusu madhara ya ini kwa watumiaji wa vidonge vya manjano, hasa vile vilivyotengenezwa ili kurkumini ipenye zaidi. Manjano ya kiasi cha mapishi hayakuguswa na onyo hilo.