MAUMIVU YA TUMBO YASIYOISHA NA DAWA ZA KUUA BAKTERIA

Ndugu wakazi wa Afungi na Quitunda,

Wapo kati yetu wanaoumwa tumbo la juu miezi mingi. Wananunua vidonge viwili vitatu vya amoksilini sokoni, maumivu yakipoa wanaacha. Tunaomba msome karatasi hii, kwa sababu dawa hiyohiyo, ikitumiwa sawasawa pamoja na nyingine, inaweza kuponya hata aina moja ya saratani.

Limfoma ni saratani ya chembe nyeupe za damu, zile zinazotulinda na maradhi. Aina moja hukua polepole katika ukuta wa tumbo la chakula. Mara nyingi chanzo chake ni bakteria aitwaye Helikobakta pailori, ambaye huleta pia vidonda vya tumbo. Zaidi ya nusu ya watu wazima wa Afrika wanaye, na wengi hawaugui. Kwa wachache sana, chembe nyeupe hupambana naye miaka mingi, mwishowe zinaanza kuzaana ovyo.

Bakteria huyu aligunduliwa Australia mwaka 1982 na madaktari Robin Warren na Barry Marshall. Wenzao walikataa kuamini, ndipo mwaka 1984 Marshall akanywa maji yenye bakteria hao, akaugua kweli! Mwaka 1993 madaktari wa London walitangaza kwamba waliwapa wagonjwa 6 wa limfoma hii dawa za bakteria tu, na kwa 5 uvimbe ulitoweka. Bakteria wakifa, zile chembe hazina tena wa kupigana naye, zinatulia. Ugonjwa ukigunduliwa mapema, karibu wagonjwa watatu kati ya wanne hupona hivyo, bila kupasuliwa.

Lakini matibabu si vidonge viwili. Ni antibiotiki mbili au zaidi pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa kawaida siku 14 bila kuruka. Ukimeza kidogo, bakteria wanaobaki wanaizoea dawa. Tena huwezi kujua kama ni kidonda au limfoma mpaka daktari aingize mpira wenye kamera na kuchukua kipande kidogo cha nyama kupima. Baada ya dawa hurudiwa kupimwa, maana uvimbe unaweza kuchukua mwaka mzima kuisha. Waliokimbia Palma mwezi Machi 2021 wanajua jinsi mtu anavyotoka nyumbani bila kitu: basi karatasi za hospitali zifungwe kwenye plastiki, zikae pamoja na vitambulisho.

Mtoto ni habari nyingine. Uvimbe wa taya au wa tumbo unaokua haraka unaweza kuwa limfoma ya Burkitt, aliyoieleza daktari Denis Burkitt wa Kampala mwaka 1958. Huonekana zaidi penye malaria nyingi, kama pwani yetu. Huo hauponi kwa antibiotiki. Unahitaji dawa kali za saratani, na watoto wengi hupona wakiwahi. Usingoje wiki ijayo.

Mtu mzima aende kituo cha afya akipungua uzito bila sababu, akishiba kwa matonge machache au akitapika mara kwa mara. Akitapika damu au akipata choo cheusi kama lami, aende siku hiyohiyo. Mama mjamzito anayemeza vidonge vya damu anaweza kupata choo cheusi kwa sababu ya vidonge hivyo; asiviache, amwambie muuguzi.