Kuruka Mbali Si Kuchanganya Damu

Mwezi Januari, maji yanapokupwa Mida, karibu na Watamu, matope hujaa ndege wadogo wa kijivu wanaodonoa bila kupumzika. Miongoni mwao yumo kitwitwi mwenye mdomo mrefu uliopinda kidogo kuelekea chini, ambaye wataalamu humwita Calidris ferruginea. Ametoka tundra ya Siberia, kaskazini kabisa mwa Urusi, na ifikapo Mei atakuwa njiani kurudi huko. Wenzake wa tundra ileile wako Afrika Magharibi, wengine India, wengine Australia.

Kwa ndege anayevuka mabara mara mbili kwa mwaka, ungedhani kwamba damu ya spishi yake imekwisha kuchanganyika pande zote. Wanasayansi nao walidhani hivyo kwa muda mrefu: kadiri ndege anavyosafiri mbali, ndivyo anavyosambaza jeni zake. Vinasaba vimetoa jibu lingine. Kinachochanganya damu ya ndege hawa ni ndoa zao. Nadhani hili ni miongoni mwa mambo ya kupendeza zaidi tuliyojifunza kuwahusu, na halijulikani inavyostahili hapa kwetu, tunaowakaribisha kwa zaidi ya nusu ya mwaka.

Ukweli wenyewe ni mwepesi ukishaambiwa: pale Mida kitwitwi wa Siberia hatagi. Matope yale ni kama kituo kikuu cha mabasi, ambapo watu wa kila mkoa husukumana bega kwa bega, kisha kila mmoja hupanda basi la kwao, na ni huko kwao anakooa.

Mfano wa wazi ni jamaa yake wa karibu, Calidris alpina, anayezaliana karibu kuizunguka ncha yote ya kaskazini ya dunia. Mwaka 1993 Paul Wenink, Allan Baker na mwenzao walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya mitokondria vya ndege huyu, vile ambavyo mtoto huvirithi kwa mama peke yake. Ilionekana kwamba koo zake zimegawanyika kimaeneo, na kazi iliyofuata ilizipanga katika makundi makuu matano: la Kanada, la Ulaya, la Siberia ya kati, la Siberia ya mashariki na la Alaska. Ni ndege hodari wa safari, na wakati wa baridi makundi tofauti huweza kula kwenye ufukwe mmoja. Lakini dume na jike huoana wawili tu, hulalia mayai kwa zamu, na mwaka unaofuata hurudi palepale. Wataalamu wa uainishaji humgawa katika nususpishi zipatazo kumi.

Yule wa Mida hana nususpishi hata moja. Kwake dume hupanda jike zaidi ya mmoja, kisha huondoka mapema kuelekea kusini na kumwachia mama mayai na vifaranga. Ni kweli kwamba eneo lake la kuzaliana ni dogo kuliko la jamaa yake, na hilo lina mchango wake. Jozi moja ya spishi haitoshi kuthibitisha jambo. Ushahidi mzito unatoka kwa ndege mwingine.

Kitwitwi wa Kent, Charadrius alexandrinus, ana uzito wa gramu 40 hivi na huzaliana kwenye fukwe na mabwawa ya chumvi kuanzia Ulaya Magharibi hadi Japani. Kiota chake ni kishimo tu mchangani chenye mayai matatu. Kwa kawaida mama hulalia mchana na baba usiku. Vifaranga wakishaanguliwa, mara nyingi mama huondoka, akamwachia baba malezi, akaenda kutafuta dume mwingine, pengine mbali sana na pale. Mwanabiolojia Tamás Székely, aliyewafuatilia ndege hawa kwa miaka mingi, alionyesha na wenzake kwamba jike aliyeachana na mwenzake hupata mwingine haraka kuliko dume. Hana sababu ya kungoja.

Kusoma historia hiyo katika damu huanza kwa kazi ndogo ya mkono. Ndege hushikwa kwa utulivu, bawa hukunjuliwa, malaika ya upande wa chini hulowanishwa mpaka mshipa uonekane. Sindano nyembamba huuchoma, tone hujitokeza, nalo hunyonywa na kijibomba chembamba cha kioo. Kisha pamba hukandamizwa pale hadi damu ikatike, na ndege huachiliwa. Tone hilo linatosha, kwa sababu chembe nyekundu za damu ya ndege zina kiini, na kiini ndicho chenye shehena kubwa ya vinasaba. Chembe zetu nyekundu zikikomaa hazina.

Mwaka 2012 Clemens Küpper, Székely na wenzao walichapisha matokeo ya ndege 397 wasio na undugu wa karibu, kutoka maeneo 21. Katika bara lote hawakuona mgawanyiko wowote, wala tofauti haikuongezeka kadiri umbali ulivyoongezeka. Waliotofautiana walikuwa wa visiwani, na kisiwa kilipokuwa mbali zaidi na bara, tofauti nayo ilikuwa kubwa zaidi.

Sehemu inayonivutia zaidi ni namna walivyojua ni nani mbebaji wa jeni hizo. Vinasaba vya mitokondria husafiri na mama, kwa hiyo hueleza habari za majike. Kwa upande mwingine, dume la ndege ana kromosomu mbili za Z, ilhali jike ana Z moja na W moja. Madume na majike wakiwa sawa kwa idadi, theluthi mbili za Z zote ziko kwa madume. Z basi hueleza zaidi habari za madume. Watafiti walipolinganisha, mitokondria ilikuwa imechanganyika zaidi kuliko kromosomu za kawaida, na Z ilikuwa imechanganyika kwa kiasi kidogo kuliko hizo. Tena, katika kila kundi, madume walikuwa na undugu wa karibu kuliko majike. Maana yake baba hubaki, mama huhama, na ni yeye anayeiunganisha Ulaya na Asia.

Wala si lazima kila mmoja wao ahame. Tangu 1931 mwanajenetiki Sewall Wright alionyesha kwa hesabu kwamba mhamiaji mmoja tu kwa kila kizazi, akizaa huko alikokwenda, karibu anatosha kuyazuia makundi mawili yasiachane mbali.

Kuna spishi ambazo wahamaji ni madume. Calidris melanotos, anayepumzika Amerika Kusini na kuzaliana kaskazini kabisa, ni mmoja wao: dume wake hashiriki malezi hata kidogo. Mwaka 2017 Bart Kempenaers na Mihai Valcu walieleza walivyowafungia vifaa vya kutuma ishara kwa setilaiti madume waliowanasa Alaska. Ndani ya msimu mmoja dume aliweza kutembelea hadi maeneo 24 ya kuzaliana, akikatiza mpaka upande wa Urusi, baada ya kumaliza safari ndefu ya kutoka kusini.

Mwaka huohuo Josephine D'Urban Jackson na wenzake waliliweka swali lote mezani. Walikusanya data za makundi 79 ya spishi kumi za vitwitwi, kisha wakalinganisha idadi ya nususpishi katika spishi 136 za ndege wa pwani. Spishi zenye wenzi wengi zilikuwa na mgawanyiko mdogo wa jeni na nususpishi chache. Kuhama kwa misimu hakukubashiri lolote kati ya hayo mawili.

Kwa uhifadhi, tofauti hii si ya kitaaluma tu. Kusini-magharibi mwa Madagaska wanaishi pamoja vitwitwi watatu wa ukoo mmoja. Wawili tunao na sisi Tanzania na Kenya: kitwitwi wa Kittlitz, anayefukia mayai yake kwa mchanga upesi kabla ya kukimbia adui, na kitwitwi wa paji jeupe. Wa tatu, kitwitwi wa Madagaska, hapatikani kwingine duniani, na yumo katika orodha ya walio hatarini. Uchunguzi wa mwaka 2015 haukuona mgawanyiko wowote wa jeni kwa wa Kittlitz, ambaye vifaranga vyake mara nyingi hulelewa na mzazi mmoja huku mwingine akitafuta mwenzi mpya. Wa paji jeupe aliangukia katikati. Wa Madagaska, anayedumu na mwenzi mmoja, alikuwa na mgawanyiko mkubwa kuliko wote, na utajiri wa jeni mdogo kuliko wote.

Kwa hiyo bwawa moja la chumvi likigeuzwa shamba la mpunga, hasara haiwi sawa kwa watatu hao. Wa Kittlitz hupoteza makazi, lakini jeni zake nyingi ziko pia katika mabwawa jirani. Wa Madagaska huenda akapoteza zile zilizokuwa pale peke yake, na hakuna jike wa mbali atakayezirudisha. Anayepanga hifadhi yake akichagua eneo moja kubwa na kuyaacha madogo yaliyotawanyika, atakuwa amehifadhi sehemu tu ya spishi hiyo.