"Utafiti Umeonyesha": Tuulize Umeonyeshaje

Katika mwaka wetu wa uchungaji tulikaa kwenye parokia moja ya vijijini ambako karibu kila nyumba ilikuwa na kichaka cha artemisia nyuma ya jiko. Mmea huo uliletwa kwa nia njema, na sifa zake zilisambaa katika kundi la simu la jumuiya: utafiti umethibitisha kwamba chai ya artemisia inatibu malaria kuliko dawa za hospitali. Mama mmoja aliusoma ujumbe huo, akamchemshia mwanawe chai kwa siku nne. Siku ya tano mtoto alifikishwa zahanati akiwa na degedege. Alipona, tunamshukuru Mungu. Lakini mama yule alituuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo: "Mafrateri, si waliandika utafiti umethibitisha?"

Makala hii ni jibu letu kwake, ingawa limechelewa.

Siku hizi neno "utafiti" limekuwa kama muhuri: likishagongwa juu ya habari, mjadala umefungwa. Wenye kazi hiyo hawalitumii hivyo. Kwao utafiti ni kuuliza swali, kueleza wazi njia iliyotumika kulijibu, kisha kuweka ushahidi mezani ili mtu mwingine aweze kuukagua, kuurudia, hata kuupinga. Hilo la mwisho ndilo tunalolisahau. Tumechagua mifano minne, kutoka elimu, fedha, kompyuta na kemia. Sisi si wataalamu wa fani hizo, tunasoma falsafa na teolojia; lakini mifano yenyewe haihitaji utaalamu mkubwa kuieleweka.

Tuanzie Busia, magharibi mwa Kenya, katika miaka ya 1990. Swali lilikuwa la kawaida kabisa: ukitaka watoto wa shule za msingi wafaulu, fedha uziweke wapi? Wengi wetu tungejibu bila kufikiri: vitabu. Watafiti, akiwemo Michael Kremer, hawakutosheka na jibu hilo. Waliona kwamba ukilinganisha shule zenye vitabu na zisizo navyo, unalinganisha pia shule za wazazi wenye uwezo na za wazazi maskini, hata usijue ni kipi kilicholeta ufaulu. Kwa hiyo walichukua shule 100, wakachagua 25 bila upendeleo wowote, wakazipatia vitabu, kisha wakazilinganisha na zilizobaki. Wastani wa alama haukupanda. Walionufaika ni wale tu waliokuwa tayari wanafanya vizuri. Sababu mojawapo ilikuwa wazi kwa yeyote aliyewahi kufundisha kijijini: vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na kwa wengi wa watoto wale Kiingereza kilikuwa lugha ya tatu, baada ya lugha ya nyumbani na Kiswahili. Mtoto alikabidhiwa kitabu asichoweza kukisoma.

Baadaye wakajaribu jambo ambalo halifanani kabisa na elimu: dawa ya minyoo. Kremer na mwenzake Edward Miguel walichukua shule 75 zenye wanafunzi wapatao 30,000. Shule ziliorodheshwa kwa alfabeti kufuatana na maeneo yao, zikahesabiwa moja, mbili, tatu, na hivyo yakapatikana makundi matatu ya shule 25. Kundi la kwanza lilianza kupewa dawa mwaka 1998, la pili 1999, la tatu 2001. Hakuna aliyenyimwa moja kwa moja. Waliosubiri ndio waliokuwa kipimo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004: utoro ulipungua kwa robo. Hata watoto ambao hawakumeza dawa walinufaika, kwa sababu minyoo ilipungua katika mazingira wanayochezea. Lakini alama za mitihani hazikupanda, na watafiti waliliandika hilo pia bila kulificha.

Habari hii ingeishia hapo, pengine tungeigonga muhuri na kuendelea na mengine. Haikuishia hapo. Miguel na Kremer walikabidhi takwimu zao zote kwa kundi jingine la wataalamu, kutoka chuo cha afya na tiba ya magonjwa ya kitropiki cha London, ili wazipige hesabu upya. Mwaka 2015 wataalamu hao walichapisha walichokiona: kulikuwa na makosa katika hesabu, hasa katika sehemu ya faida iliyodaiwa kuzifikia shule za mbali, na waliona ushahidi kuhusu mahudhurio hauna nguvu kiasi kilichodhaniwa. Wenye utafiti walikubali baadhi ya makosa, wakatetea hitimisho lao kuu. Ulizuka mjadala mkali, nusura ugomvi, na hadi leo wapo wanaovutana. Mwaka 2019 Kremer alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, kwa kazi ya aina hii ya majaribio. Kwa maoni yetu, jambo la kupendeza kuliko tuzo ni kile kitendo cha kumkabidhi mkosoaji funguo za ghala lako.

Upande wa fedha, mfano wetu unamhusu mwanafunzi, na mafrateri wanaohangaika na tasnifu wausome kwa makini. Mwaka 2010 wachumi wawili mashuhuri wa Marekani, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, waliandika kwamba nchi ambazo deni la serikali limepita asilimia 90 ya pato la taifa uchumi wao husinyaa, kwa wastani wa asilimia 0.1 pungufu ya sifuri. Wanasiasa wa Ulaya na Marekani waliidaka hoja hiyo kutetea upunguzaji wa matumizi ya serikali. Miaka mitatu baadaye, Thomas Herndon, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, alipewa zoezi la darasani: chagua makala maarufu, urudie hesabu zake. Alirudia, hazikukubali. Alirudia tena. Mwishowe aliwaandikia wenyewe, nao wakamtumia faili lao la Excel.

Kosa la kwanza alilolikuta lingeweza kufanywa na mweka hazina yeyote wa VIKOBA: fomula ya wastani ilikuwa imeishia safu chache kabla ya mwisho, ikaziacha nje nchi tano, zikiwemo Ubelgiji na Kanada. Yalikuwepo makubwa zaidi ya hilo. Miaka fulani ya baadhi ya nchi haikuingizwa. Tena mwaka mmoja mbaya wa New Zealand ulipewa uzito sawa na miaka 19 ya Uingereza. Herndon na walimu wake wawili waliporekebisha yote, wastani ukawa ukuaji wa asilimia 2.2. Reinhart na Rogoff walikiri kosa la fomula, ila wakashikilia kwamba deni kubwa bado huendana na ukuaji wa polepole. Hilo linabishaniwa. Lisilobishaniwa ni kwamba mwanafunzi mmoja aliona walichopitwa nacho wakubwa, kwa sababu alifungua faili na kuhesabu mwenyewe.

Hapa hatuna budi kujisema. Ni wangapi kati yetu tumenukuu kitabu ambacho hatujakifungua, tukamnukuu aliyekinukuu? Na sasa imekuja akili mnemba, inayoweza kukutungia orodha nzima ya vitabu visivyokuwepo duniani, kila kimoja na mwandishi wake na mwaka wake. Msimamizi akidai ukurasa, utaona aibu.

Kwenye kompyuta tutapita haraka. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu za kampuni tatu zinazotazama picha ya uso na kukisia kama ni ya mwanamume au mwanamke. Walitumia picha 1,270 za wabunge wa nchi sita: Rwanda, Senegal, Afrika Kusini, Iceland, Finland na Sweden. Kwa wanaume weupe, programu hazikukosea hata mara moja katika mia. Kwa wanawake weusi, programu iliyokuwa dhaifu kuliko zote ilikosea mara 34.7 katika kila mia. Kabla ya hapo wastani wa jumla ulikuwa unapendeza, na wastani una tabia ya kuwaficha walio wachache. Kilichohitajika ni mtu wa kuuliza: umempima nani?

Sasa turudi nyuma ya jiko, kwenye kichaka cha yule mama. Artemisia si uzushi. Mwaka 1969 Tu Youyou, mtafiti wa tiba za asili nchini China, aliingia katika mradi wa siri wa serikali wa kutafuta dawa ya malaria. Kikundi chake kilikusanya tiba za asili zaidi ya 2,000 na kujaribu mitishamba mingi. Artemisia ilionyesha dalili njema, kisha ikashindwa katika majaribio ya kurudia. Tu alirudi kwenye maandishi ya Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, akaona kwamba mzee yule aliuloweka mmea katika maji na kuukamua, hakusema popote auchemshe. Pengine moto ndio ulioharibu dawa! Akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi joto 35 tu, na Oktoba 1971 sampuli namba 191 iliwaponya panya wote. Yeye na wenzake walijitolea kuimeza kwanza wao wenyewe. Ndiyo asili ya dawa ya mseto tunayopewa zahanati leo, na Tu alipata Nobel mwaka 2015.

Ona basi kilichomo na kisichokuwemo katika chai. Artemisinini huyeyuka kwa shida sana katika maji. Kiasi chake hutofautiana kutoka mmea hadi mmea, shamba hadi shamba, kwa hiyo kikombe cha leo si kikombe cha kesho. Dozi pungufu inaweza kutuliza homa huku ikiwaacha vimelea hai, na kuwapa nafasi ya kuizoea dawa. Kwa sababu hizo Shirika la Afya Duniani halikubali chai hiyo itumike kutibu malaria.

Na ule utafiti uliotajwa kwenye simu? Kuna makala iliyochapishwa mwaka 2019 katika jarida la kisayansi, kuhusu majaribio yaliyofanyika Maniema, Kongo, iliyodai chai ilishinda dawa ya mseto. Baadaye jarida lenyewe liliiondoa makala hiyo. Ujumbe wa simu haukuondolewa. Tuliupokea tena hivi karibuni kutoka kwa mwalimu wa katekesi, mtu mwema kabisa, nasi tukampigia kumwomba atuambie nani alifanya utafiti huo, kwa wagonjwa wangapi, na nani mwingine aliukagua. Alinyamaza kidogo, akasema atamuuliza aliyemtumia.