Picha Inayovuka Fremu Yake

Yamkini msomaji amekwisha kuona, katika matangazo ya biashara au majalada ya vitabu, picha ya mnyama ambaye kiwiliwili chake kimo ndani ya fremu, ilhali kichwa na miguu ya mbele imejitokeza nje, mithili ya mnyama arukaye dirishani. Karatasi ni bapa, wala hakuna kilichotoka. Hata hivyo jicho halikubali kwa urahisi kwamba limehadaiwa.

Hila hii haikuzaliwa na kompyuta. Mwaka 1874 mchoraji Mkatalani wa Hispania, Pere Borrell del Caso, alichora mvulana anayetoroka kutoka katika picha: mikono imeshika pande za fremu, mguu umekanyaga ukingo wa chini, na macho yamemtoka kwa mshangao. Picha hiyo, Escapando de la crítica, yaani “Kuukimbia Uhakiki”, imo katika hazina ya sanaa ya Benki Kuu ya Hispania mjini Madrid. Siri yake ni kwamba fremu anayoishika mvulana nayo imechorwa. Mpaka unaovukwa, basi, si mpaka halisi wa picha, bali ni mpaka wa pili uliowekwa ndani ya ule halisi.

Kwa nini ubongo husadiki? Taswira iangukayo ndani ya jicho haina kina. Ubongo hukikisia kina kwa kufuata dalili. Mojawapo ya dalili zenye nguvu ni kufunikana: kinachokifunika kingine ndicho kilicho karibu. Mnazi ukikatiza mstari wa paa la nyumba, hakuna haja ya kipimo ili kujua kwamba mnazi uko mbele. Fremu huchukuliwa kuwa iko sawa na uso wa karatasi. Kwa hiyo mguu unaoifunika fremu hauna budi kuonekana umetoka mbele ya karatasi.

Leo kazi hii hufanywa kwa programu za kuhariri picha. Mojawapo ni GIMP, iliyoanzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na ambayo hupatikana bila malipo. Picha hupangwa kwa matabaka, kama karatasi angavu zilizolaliana. Chini kabisa huwekwa usuli wa rangi moja; juu yake picha ya mbuga, iliyopunguzwa ikatoshea ndani ya fremu; kisha fremu yenyewe; na juu ya yote nakala ya punda milia peke yake, aliyekatwa kwa kufuata umbo lake. Nusu ya nyuma ya nakala hiyo hufichwa, ili mapaja yabaki nyuma ya fremu. Wengi wanaojifunza hukosea hapa: humtoa mnyama mzima. Matokeo ni mnyama aliyebandikwa juu ya picha, basi. Ni lazima mwili mmoja ufunikwe na fremu upande mmoja na kuifunika upande mwingine.

Ugumu wenyewe umo katika ukingo, hasa penye manyoya. Picha ya kompyuta imeundwa kwa chembe za rangi ziitwazo pikseli, na unywele mara nyingi ni mwembamba kuliko pikseli moja. Tuseme weusi kamili ni 0 na weupe kamili ni 255. Unywele una thamani 40, na anga nyuma yake 200. Pikseli ambayo nusu yake ni unywele na nusu ni anga itakuwa na thamani 120. Mnyama akihamishiwa kwenye usuli mweusi, pikseli hiyo ingepaswa kuwa 20, yaani nusu ya 40. Ikihamishwa jinsi ilivyo, itabaki 120. Ikifanywa angavu kwa nusu, itakuwa 60. Ndiyo maana utepe mweupe huuzunguka mwili na kuifichua hila. Mwanafunzi wa hisabati atatambua shida: thamani 120 ni mlinganyo mmoja, lakini rangi ya unywele na sehemu yake katika pikseli ni visivyojulikana viwili. Hata thamani ya anga ikijulikana, mlinganyo hautoshi. Programu hukisia kwa kuangalia pikseli za jirani, na penye manyoya mengi mkono wa mhariri bado huhitajika.

Husalia kivuli. Kwato zinazokanyaga nje ya fremu hutiwa kivuli hafifu, upande ule ule ambao vivuli vya mbugani vimeelekea; bila hicho mnyama huelea.

Darasani jaribio ni jepesi. Picha iliyokamilika itundikwe ukutani, na wanafunzi waitazame kwanza kwa macho mawili, kisha kwa jicho moja. Macho ya mtu mzima yametengana kwa sentimita 6 hivi, na tofauti ya taswira zake huuarifu ubongo kwamba karatasi ni bapa. Jicho moja likifumbwa, taarifa hiyo hukatika, na punda milia husogea mbele zaidi.