Kodi ya Hewa ya Ukaa na Hoja ya Maskini

Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa nini makampuni ya mafuta yamezipinga sheria za kodi ya hewa ya ukaa, na jinsi mchungaji wa Sumbawanga, Nkasi au Kalambo awezavyo kuipima hoja yao.

1. Kodi yenyewe

Makaa ya mawe, petroli na dizeli vikichomwa hutoa hewa ya ukaa, nayo huzidisha joto la dunia. Kodi hii hutozwa kwa kila tani ya hewa hiyo, ili hasara inayoangukia jirani iingizwe katika bei. Ufini ilianza mwaka 1990. Uswidi na Norwei zikafuata mwaka 1991. Norwei ni nchi ya mafuta, lakini kazi hiyo haikufa. Mwaka 1996 kampuni ya taifa hilo, Statoil, ilianza kuizika hewa hiyo chini ya sakafu ya bahari huko Sleipner, kwa kuwa kodi ilifanya kuitupa angani kuwe ghali.

2. Upinzani

Mwaka 1993 Rais Bill Clinton wa Marekani alipendekeza kodi ya nishati iliyopimwa kwa joto litolewalo na kila aina ya nishati. Baraza la Wawakilishi liliipitisha. Vyama vya wenye viwanda, pamoja na Taasisi ya Petroli ya Marekani, viliendesha kampeni kali, na Seneti ikaiacha. Ikabaki nyongeza ya senti 4.3 kwa kila galoni ya mafuta ya magari.

Mwaka 2018 wapiga kura wa jimbo la Washington waliikataa tozo ya dola 15 kwa tani. Wapinzani walikuwa wamekusanya zaidi ya dola milioni 30, nyingi zikitoka kwa makampuni ya mafuta, BP ikitangulia. BP hiyo hiyo ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba inakubali hewa ya ukaa itozwe bei.

3. Kuisikia hoja

Amri ya nane, kama tunavyoifundisha katika Katekisimo, hutudai kuyapokea maneno ya jirani kwa maana iliyo njema. Basi na tusikie. Wao husema kwamba kodi itapandisha nauli na bei ya chakula, na kwamba atakayeumia ni maskini.

Hoja hii si uongo. Sumbawanga haina reli. Mahindi ya Ufipa husafirishwa kwa malori hadi Tunduma, mwendo wa takribani kilometa 220, na mbolea huja kwa barabara hiyo hiyo. Dizeli ikipanda, mkulima huumia mara mbili: katika gunia analouza na katika mfuko anaonunua.

4. Kuipima

Hata hivyo, neno la kweli laweza kutumika kuficha kweli nyingine. Kwanza, maskini hulipa hata pasipo kodi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba maji ya juu ya Ziwa Tanganyika yamepata joto, hivyo hayachanganyiki vema na maji ya chini yenye rutuba, na chakula cha samaki hupungua. Mvuvi wa Kirando au Kasanga hakuulizwa kama anaikubali hasara hiyo.

Pili, madhara ya kodi yana dawa. Uswisi hutoza mafuta ya kupasha nyumba joto tangu mwaka 2008, na sehemu kubwa ya fedha hurudishwa kwa wakazi wote na kwa waajiri. Kila mkazi hupata kiasi sawa. Hivyo mwenye kuchoma kidogo hufaidika. Anayemtetea maskini kwa dhati angedai marejesho kama hayo, wala asingeridhika na kuizuia sheria tu.

Nasi tusijione wasafi. Mwaka 1987 kampuni ya Amoco ilichimba visima viwili katika bonde la Rukwa, chini ya uwanda wetu, isipate mafuta ya kuuza. Kama yangalipatikana, huenda nasi tungalisema kama wao.

5. Neno kwa wachungaji

Hoja ya maskini itolewapo, bungeni au barazani, yafaa tuulize mambo matatu. Ni nani anayelipa leo? Fedha itakwenda wapi? Naye asemaye kwa niaba ya maskini ana fungu gani katika jambo hilo? Maswali haya hayahitaji elimu ya uchumi, na wazee wa usharika waweza kuyauliza vema kama sisi.