Kugeuza Chipu Bila Kuiunguza

Chipu ya 7400 ni miongoni mwa vifaa ambavyo mwanafunzi wa elektroniki hukutana navyo mapema. Ina pini 14, saba kila upande. Umeme chanya huingilia pini ya 14, na hasi huunganishwa na pini ya 7, na pini hizo mbili zimekaa kwenye pembe zinazotazamana kimshazari. Mtu akiigeuza chipu hiyo nusu mzunguko kisha akaichomeka palepale, pini ya 7 itakaa mahali pa 14, na 14 mahali pa 7. Kila pini imeingia tunduni, hakuna waya uliolegea, na kwa jicho la mgeni kazi inaonekana safi kabisa. Lakini umeme umeingia kinyume. Chipu inaweza kupata moto na kuungua mara tu swichi inapowashwa.

Ndiyo maana kitufe cha kuzungusha kifaa, ndani ya programu za kompyuta za kuchorea saketi, kina uzito zaidi kuliko kinavyoonekana. Anayeanza kujifunza huutazama mchoro kwenye skrini na kuunakili kwa mkono, pini kwa pini. Mchoro ukimdanganya, vifaa vyake ndivyo vitakavyoungua.

Baadhi ya programu hizo huanza na picha ya bredibodi, ule ubao wa plastiki wenye matundu unaotumika kujaribia saketi bila kulehemu. Muundo wake wa leo ulitokea Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, kazi ya Ronald J. Portugal wa kampuni ya E&L Instruments. Toleo kubwa linalotumika sana lina matundu 830, na kutoka tundu moja hadi jingine ni milimita 2.54. Chini ya plastiki kuna vibanio vya chuma vinavyounganisha matundu matano matano, na katikati ya ubao unapita mfereji unaotenga upande mmoja na mwingine. Chipu hukaa juu ya mfereji huo, safu moja ya pini huku na nyingine kule.

Mwaka 2007, katika Chuo Kikuu cha Sayansi Tumizi cha Potsdam nchini Ujerumani, kundi lililoongozwa na Reto Wettach lilianzisha mradi wa programu iitwayo Fritzing, kwa msaada wa wizara ya sayansi ya jimbo la Brandenburg. Walengwa hawakuwa wahandisi bali wabunifu na wasanii waliokuwa wakijenga vitu kwa Arduino, bodi ndogo iliyozaliwa Ivrea, Italia, mwaka 2005. Watu hao waliweza kuunganisha waya mezani, lakini mchoro wa saketi wenye alama za kihandisi uliwapiga chenga. Fritzing ikawaruhusu kuanza na kile wanachokiona: picha ya bredibodi, picha ya rezista yenye mistari yake ya rangi, picha ya waya.

Saketi moja huonekana humo kwa sura tatu. Ya kwanza ni bredibodi kama ilivyo mezani. Ya pili ni mchoro wa alama. Ya tatu ni bodi ya shaba itakayotengenezwa kiwandani. Kila kifaa kina picha yake katika kila sura, na kinachozifunga picha hizo pamoja ni majina ya pini zake. Pini ya 7 kwenye bredibodi ni pini ileile ya 7 kwenye mchoro na kwenye bodi, hata kama imechorwa mahali tofauti. Kwa hiyo mtumiaji anaweza kukigeuza kifaa katika sura moja bila kuzivuruga nyingine mbili. Hilo ni la lazima: mpangilio unaofaa kwenye mchoro, ambako usomaji ndio muhimu, mara nyingi haufai kabisa kwenye bodi, ambako nafasi ni finyu.

Ugumu hujitokeza kwenye hesabu ya mzunguko wenyewe. Chukua rezista iliyolala, miguu yake ikiwa kwenye tundu la 1 na la 6. Umbali kati ya miguu ni hatua tano, na kitovu chake kiko hatua mbili na nusu kutoka kila mguu. Programu ikiizungusha nyuzi 90 kwa kukifuata kitovu hicho, miguu yote miwili huangukia katikati ya matundu, milimita 1.27 nje ya mahali pake kwa upana na kwa urefu. Picha inaonekana kana kwamba imeshika, kumbe haijaunganishwa na chochote. Tiba yake ni kuzungusha kwa kuufuata mguu mmoja. Mguu huo unabaki tunduni, na mwingine unalifikia tundu halali.

Nyuzi 45 ni kisa kingine. Fritzing inaruhusu mzunguko wa namna hiyo, lakini kifaa kigumu chenye miguu iliyoachana hatua nne kikilazwa mshazari, mguu wa pili huwa hatua 2.83 kwenda pembeni na 2.83 kwenda juu. Hapo hakuna tundu. Jibu zuri lilikuwa kuiga kinachofanyika mezani: miguu ya rezista hukunjika, basi na kwenye skrini ikunjike. Mtumiaji hushika ncha ya mguu kwa kipanya na kuivuta hadi tundu alitakalo, mwili wa rezista ukibaki ulivyolala.

Hata mzunguko uliokaa sawasawa kwenye matundu unaweza kuleta makosa ya umeme. Rezista ya hatua nne ikisimamishwa ndani ya kundi moja la matundu matano, miguu yake yote miwili inagusa kibanio kilekile cha chuma, na umeme unaipita kana kwamba haipo. Chipu ikigeuzwa nyuzi 90, pini za safu moja zinaweza kujikuta kwenye kibanio kimoja, na hiyo ni shoti. Programu inayojali hukagua mambo haya mara kifaa kinapogeuzwa, kisha humwonyesha mtumiaji. Fritzing tayari hutumia rangi: pini isiyounganishwa ni nyekundu, iliyounganishwa ni kijani. Lakini kijani husema tu kwamba pini imeshika. Onyo la pini mbili za kifaa kimoja kukutana kwenye kibanio kimoja lingeokoa vifaa vingi.

Pembe ya kutazamia nayo ni hoja. Transista ya BC547, upande wake bapa ukimtazama mtu na miguu ikiwa chini, husomeka kutoka kushoto: kolekta, besi, emita. 2N3904, yenye umbo lilelile, husomeka emita, besi, kolekta. Picha isiyoonyesha wazi upande bapa, au inayochanganya mtazamo wa juu na wa mbele, humwacha mwanafunzi akibahatisha. Vivyo hivyo kwa kupindua picha kama kwenye kioo. Katika mchoro wa alama hakuna madhara, lakini chipu iliyopinduliwa hivyo kwenye bredibodi ni chipu isiyouzwa duka lolote, maana mpangilio wa pini zake umegeuka kushoto kulia.

Maandishi yanahitaji kanuni mbili. Yale yaliyochapwa kwenye mwili wa chipu, pamoja na mkato unaoonyesha pini ya 1 iko upande gani, lazima yazunguke nayo, kwa sababu ndivyo ilivyo mkononi. Lebo zilizoongezwa na programu, kama R1 au C2, zibaki zimesimama ili zisomeke bila kuinamisha shingo.

Mwalimu anayechagua programu kwa ajili ya darasa lake anaweza kuipima kwa dakika chache. Aweke chipu ya 7400 juu ya mfereji, aunganishe umeme, kisha aigeuze nyuzi 180. Aangalie kama mkato umehamia upande wa pili, kama waya zimebaki kwenye matundu yake au zimezifuata pini, na kama programu imemweleza kwamba chanya na hasi zimebadilishana nafasi. Halafu afungue mchoro wa alama na kuhakikisha kwamba pini ya 14 inaonyeshwa imeunganishwa na kile ilichounganishwa nacho kwenye bredibodi wakati huo.