Antena Juu ya Paa: Nguvu Ipoteayo Njiani

Katika nchi ya milima, kama vile Usambara na Uluguru huko Tanzania, mnara wa simu waweza kuwa karibu kwa mwendo wa miguu na bado ukawa mbali kwa mawimbi. Mlima ukisimama katikati, na paa la mabati likazidisha kizuizi, simu iliyomo ndani ya jengo huwa bubu. Mwanafunzi akiugua usiku bwenini, mwalimu hulazimika kupanda kilimani kwanza ndipo aweze kuita gari. Tatizo hili laweza kupunguzwa kwa kikuza mawimbi. Lakini aghalabu mnunuzi hutazama ukubwa wa kikuza tu, akasahau kwamba mafanikio yake huamuliwa na antena ya nje na kebo iletayo mawimbi ndani.

Kikuza hakiumbi mawimbi, bali hukuza yale kiliyoletewa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kupima. Simu nyingi huonyesha, katika mipangilio yake, nguvu ya mawimbi kwa desibeli zikilinganishwa na miliwati moja. Kila zinapopungua desibeli 10, nguvu hubaki sehemu moja ya kumi. Kipimo cha -100 maana yake ni wati moja iliyogawanywa mara trilioni kumi! Vipimo vichukuliwe kila pembe ya jengo na, kwa kutumia ngazi imara, karibu na paa. Pasipo na mawimbi yoyote, kikuza hakitafaa kitu.

Antena ifaayo mahali penye mawimbi hafifu ni ile ya vijiti sambamba iitwayo Yagi, iliyobuniwa nchini Japani na Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi katika miaka ya 1920. Hiyo husikiliza zaidi upande mmoja, kama mtu awekaye kiganja nyuma ya sikio. Kwa masafa ya megahezi 900 urefu wa wimbi ni sentimita 33 hivi, na vijiti vyake huwa karibu nusu ya urefu huo. Fundi huielekeza mnarani, kisha huigeuza kidogo kidogo huku mwenzake akisoma kipimo, mpaka ipatikane nguvu iliyo kubwa kabisa.

Sasa tutazame kebo. Kebo nyembamba ya aina ya RG-58, yenye unene wa milimita 5, hupoteza karibu desibeli 0.5 kwa kila mita katika masafa hayo. Ikiwa na urefu wa mita 20, hupoteza desibeli 10, yaani sehemu tisa kati ya kumi za nguvu iliyopokewa. Kebo nene ya milimita 10, yenye upotevu mdogo, hupoteza desibeli 3 hivi kwa urefu huo huo, na nusu ya nguvu hufika salama. Kupandisha antena juu zaidi kwa kebo duni, basi, ni sawa na kuchota maji mengi kwa ndoo iliyotoboka. Kebo iwe fupi iwezekanavyo, isikunjwe kwa pembe kali, na viungo vyote vizibwe kwa utepe usiopitisha maji. Kabla ya kuingia ukutani ilegezwe kidogo ishuke chini ya tundu, ili maji ya mvua yadondoke nje.

Hatari nyingine yajulikana na kila aliyehudhuria mkutano wenye vipaza sauti. Kipaza kikisogezwa karibu na spika, sauti huzunguka na kuwa mlio mkali. Vivyo hivyo, antena ya nje ikiisikia ile ya ndani, kikuza hujikuza chenyewe. Kikuza cha desibeli 70 hukuza nguvu mara milioni kumi. Hivyo utengano baina ya antena mbili yapasa uzidi desibeli 70, tena kwa akiba ya kama 15. Hapa bati lililokuwa adui hugeuka rafiki, kwa kuwa huzitenga antena hizo. Utengano usipotosha, mlio huo wa redio hufika mnarani na kuharibu mawasiliano ya kijiji kizima. Kwa sababu hiyo, kabla ya kununua au kuwasha kikuza, mhusika aulize masharti ya mamlaka ya mawasiliano ya nchi yake.

Mwisho ni radi. Mlingoti wa chuma uunganishwe, kwa waya mnene wa shaba, na fimbo iliyozamishwa ardhini. Na kikinga radi kiwekwe pale kebo iingiapo. Mlingoti usimame mbali na nyaya za umeme, kiasi kwamba hata ukianguka usiziguse. Kazi hii ni ya fundi mwenye ujuzi, wala isifanywe wakati wa mawingu ya mvua.

Wanafunzi nao wana kazi salama ya kufanya wakiwa chini: wapime nguvu ya mawimbi ndani na nje ya darasa, nyuma ya ukuta na chini ya bati, kisha wachore ramani ya shule yao kwa desibeli. Ramani hiyo itamwonyesha fundi mahali pa kusimamisha mlingoti, na huenda ikaiokolea shule gharama ya kikuza kisichohitajika.